Barua kwa mwanangu: nenda mtoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, mama yako ameisoma mara mbili. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yako uliye mbali. Umeniuliza kama kuna haja ya kutia sahihi ile fomu ya safari ya mtoni, ilhali mitihani imekaribia na wenzako wanasema kushinda kutwa mkipima maji hakuongezi hata alama moja. Umesema pia sura ya mito umeshaimaliza, ipo yote kichwani.

Nimetia sahihi. Ila sikutaka kukurudishia karatasi bila neno, maana hilo swali lako nililijibu vibaya nilipokuwa na umri kama wako, na nikaja kulipia baadaye.

Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba mto unapokata kona, maji hukimbia zaidi upande wa nje na kuula ukingo, na upande wa ndani huenda polepole yakaacha mchanga. Nilinakili, nikachora mishale, nikahifadhi. Swali lilipotoka kwenye mtihani nilipata alama zote. Miaka ikapita, nikawa mtu mzima mwenye familia, nikatafuta mahali pa kulima bustani kando ya kijito. Nikachagua upande wa nje wa kona. Niliona maji yako karibu na kina ni kirefu, rahisi kuchota. Ng'ambo kulikuwa na mchanga tu, nikaupita. Mvua zilipoanza, kila nilipokwenda nilikuta ukingo umesogea, mpaka asubuhi moja nikakuta matuta matatu hayapo, na uzio unaning'inia juu ya maji. Nilisimama pale nikitazama jinsi udongo ulivyochimbwa kwa chini, na ndipo ule mchoro wa daftari ukanirudia, mshale kwa mshale. Miaka yote hiyo nilikuwa nao. Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye kona ya mto mtu akaniambia: tazama, hii ndiyo ile.

Mwalimu wangu simlaumu hata kidogo, alichoandika kilikuwa sahihi. Tulikosa siku moja tu ya kwenda kukiona, na ndiyo siku ambayo wewe unapewa sasa.

Basi mkifika, chukua kamba ya kupimia, pima mita 10 kando ya maji. Tupa kijiti, hesabu sekunde hadi kifike mwisho. Rudia mara tano, kwa sababu mara ya kwanza kitanasa kwenye majani na mara ya pili kitavutwa na mkondo wa katikati. Majibu hayatalingana. Usiogope. Darasani umezoea zoezi ambalo jibu lake limechapwa nyuma ya kitabu. Pale mtoni hakuna aliyelichapa. Itabidi mkae na wenzako mjadiliane kipimo gani mkiache, na kwa nini. Mimi naamini nusu saa hiyo ya kubishana kwa hoja ina faida kuliko kurasa kumi za kunakili, na nasema hivyo nikijua thamani ya kitabu.

Kisha kumbuka kijiti kinaelea juu, na juu maji hukimbia kuliko chini yanakosuguana na mawe. Ndiyo maana wapimaji huzidisha kasi ya kijiti kwa takriban 0.85 ili kukaribia wastani. Upana mara kina mara kasi hiyo ya wastani, unapata maji yanayopita. Tuseme upana ni mita 4, kina nusu mita, na wastani ni nusu mita kwa sekunde: hiyo ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kila sekunde. Kwenye karatasi ni hesabu nyepesi. Simama ndani yake maji yakiwa chini ya magoti, uyasikie yanavyokusukuma, ndipo utajua lita 1,000 ni kitu gani.

Mwalimu akiruhusu, inua jiwe taratibu utazame chini yake, halafu ulirudishe lilivyokuwa, maana ni nyumba ya watu. Utaona mabuu ya wadudu yameng'ang'ania. Yako ya aina ambazo hufa maji yakichafuka na oksijeni ikapungua, na yako yanayovumilia. Kwa kuangalia nani yupo na nani hayupo, watu hupima afya ya mto hata kabla ya kupeleka chupa ya maji maabara.

Sasa kuna jambo linalonitia hofu kuliko hata mitihani yako. Safari nyingi za namna hii huishia kwenye nyimbo za garini na picha. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika sana kuhusu elimu, alionya mwaka 1938 kwamba si kila tukio linalompata mtu humwelimisha. Mmarekani mwenzake wa baadaye, David Kolb, mtaalamu wa elimu, alieleza mwaka 1984 kwamba kujifunza kwa vitendo huzunguka: unatenda, unatafakari ulichokiona, unatoa kanuni, kisha unairudisha kanuni hiyo kwenye jaribio jingine. Wengi hutenda tu, wakapanda gari wakarudi. Kwa hiyo usirudi bila daftari lililojaa. Andika palepale, hata kama kurasa zitalowa. Andika na kile usichokielewa.

Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipofika msitu wa Gombe kule Kigoma mwaka 1960 alikuwa na miaka 26 na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini, daftari na subira. Mwaka huohuo aliona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa, na wengine wakipukutisha majani ya kijiti kwanza ili kifae kazi hiyo, wakati wasomi walikuwa wakishikilia kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana. Laiti asingeandika, lingebaki simulizi tu. Na hakulidharau darasa, mwanangu, kwani baadaye alikwenda Cambridge akapata shahada ya uzamivu. Vitabu vyako vitakusubiri mezani jioni ile ukirudi, na sura ya mito utaisoma kwa macho mengine.

Msikilize mwalimu kuhusu kina. Usiingie maji ya kupita magoti hata wenzako wakikucheka, na mvua ikianza kunyesha upande wa juu wa mto, tokeni mara moja.

Nina ombi moja. Mkifika penye kona, nichoree. Nioneshe ukingo ulioliwa uko wapi, mchanga umelala wapi, kijiti kilichukua sekunde ngapi kila upande. Halafu weka alama mahali ambapo wewe ungelima bustani. Mwaka huu nataka kuotesha tena, na kabla sijashika jembe nitausubiri mchoro wako.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako