Mto huu mbona hauna jina?

Wanangu mnaoandika na kuchora vitabu vya watoto, mlioko Moshi, Arusha na kwingineko,

Salamu kutoka Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Ukungu haujainuka tangu juzi, nami naandika nikiwa jikoni karibu na moto, kwa hiyo mkiona karatasi ina masizi mnisamehe.

Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na siku hizi kila Jumatano huenda kuwasomea darasa la tatu katika shule moja ya jirani. Mwezi uliopita nilikwenda na kitabu kipya cha ziada, karatasi nzito, rangi zinang'aa. Hadithi ya mto uliochafuliwa na watu wabaya, watoto wakaungana wakausafisha, samaki wakarudi. Nilipofika katikati, binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mto huu mbona hauna jina?" Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Kweli, ulikuwa "mto" tu. Mvulana wa dawati la nyuma akamjibu kabla yangu: "Si wa kweli huo." Nilikisoma mpaka mwisho kwa adabu, lakini darasa lilikuwa limeshatoka mtoni zamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwawaza. Watoto wa huku wanaijua mito yao kama wanavyowajua mbuzi wa kwao. Kuna Karanga, kuna Weruweru, kuna Rau, kuna Kikafu. Yote inashuka tambarare, maji yake yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka na Pangani mpaka baharini. Nepi iliyotupwa chini ya daraja letu ina safari ndefu kama ya kijana wa Kichaga anayekwenda kutafuta maisha Dar, tofauti ni kwamba yenyewe hairudi Krismasi. Hiyo ni hadithi tayari. Iandikeni.

Nimesema nepi kwa makusudi. Kitabu kile kilichora mifuko ya rambo ikielea. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule yuko shuleni sasa. Anachokiona yeye mtoni ni nepi, chupa za maji na vifuko vile vya kufungia karanga. Mchoraji aliyekaa darajani nusu saa tu asingekosea hapo.

Na jambo la theluji. Karibu kila mswada ninaoletewa unasema theluji ya Kilimanjaro ikiisha, mito itakauka. Barafu inapungua, hilo ni kweli na linaumiza. Hata kwa macho yangu haya ya kizee kilele si kile cha utotoni mwangu. Lakini maji mengi ya mito yetu yanatoka msituni. Msitu unapokea mvua, unakamata ukungu, miti yenye ndevu inadondosha tone moja moja mpaka ardhi inashiba. Sasa mtoto ukimwambia maji ni ya theluji, atafanya nini naye hafiki kileleni? Mwambie ni ya msitu, atautazama kwa jicho lingine mti unaokatwa juu ya kwao.

Huko juu, katika bonde moja la upande wetu wa kusini, upo mkukusu wenye urefu wa mita 81 na nusu. Wataalamu walitangaza mwaka 2016 kwamba ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika. Niliwaambia watoto namba hiyo, wakanitazama tu. Wiki iliyofuata nikaja na kamba za katani nilizoziunga, tukatoka nje. Mmoja akashika ncha ukutani mwa darasa, wengine wakavuta. Kamba ikavuka uwanja, ikapita choo, ikaingia kwenye migomba ya watu. Yule aliyeshika ncha ya mbali akapiga kelele kutoka migombani, "Bado mti haujaisha?" Walirudi kwa miguu kutoka kwenye kilele cha mti mpaka kwenye mizizi, wakihesabu hatua. Hakuna aliyewaambia watunze mazingira, lakini siku hiyo niliulizwa mara nne kama mkukusu huo una mlinzi.

Kwa hiyo, wanangu, ule ukurasa wa mwisho wenye sentensi ya "Sote tutunze mazingira yetu" uondoeni. Mtoto anaujua ule ukurasa kwa harufu, kama anavyoijua dawa iliyofichwa kwenye uji. Wala msimbebeshe madhambi yetu. Mto hakuuchafua yeye. Mimi nimeishi hapa miaka sabini na kitu, nimekaa kimya mara nyingi nilipopaswa kusema. Mnichore mimi kwanza.

Andikeni mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Andikeni jinsi maji yanavyokingwa juu mtoni na kuongozwa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba la nyumbani, na kila ukoo una zamu yake, na asiyefika siku ya kuzibua mfongo akakosa zamu. Andikeni ugomvi wa usiku, mtu kafungulia maji nje ya zamu, na mtoto ndiye aliyemwona. Kuna vijana huku wanauruka mfongo kila asubuhi wakienda shule, na hawajawahi kuukuta kitabuni. Binti yule wa swali la jina ametega kitendawili chake mwenyewe: "Napita kwa kila mtu, silali kwa yeyote." Kimewashinda hata walimu wageni.

Mswada ukishakaa sawa, leteni kwangu kabla hamjamlipa mchoraji. Jumamosi mchana watoto wa jirani hukaa barazani kwangu, saba au wanane, nao hawana aibu: pasipowapendeza watainuka waende kucheza, nanyi mtajua ni ukurasa gani. Kahawa itakuwepo, ya shamba. Vaeni viatu vya matope.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kibosho