Dadu zako zimelala mno

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi, na shemeji pia msalimie. Umeandika kwamba dadu zimekaa kabatini mwaka mzima, na kila ukishika simu unakuta watu wanatukanana kuhusu Dungeons & Dragons, ule mchezo wetu wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa dadu, mpaka hamu inakatika. Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbalimbali.

La matusi nilimalize upesi. Ugomvi mkubwa wa Januari 2023 ulikuwa wa leseni: kampuni yenye mchezo ilitaka kubadili masharti ya mwaka 2000 yaliyowaruhusu wengine kuchapisha kwa kutumia kanuni zake. Wachezaji wakachachamaa, na mwezi haukuisha kabla kanuni za msingi za toleo la tano hazijawekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Kwako faida ni kwamba unazipata bure. Wanaovutana toleo la 2014 na la 2024 waache wavutane, sebuleni kwako haji mkaguzi.

Kazi iko kwenye kurudi. Wengi hufufua kampeni ya zamani, yaani kisa kirefu kinachoendelea kikao hadi kikao, na hapo ndipo wanapokwama: mhusika wa ngazi ya 9 ana uwezo chungu nzima ambao mwenyewe kausahau, jioni yote inaishia kupekua vitabu. Anza na wahusika wapya, ngazi ya 1, wachezaji wanne, saa tatu, kisa kinachokwisha usiku uleule.

Ila ngazi ya 1 ina mtego wake. Goblini, yule zimwi mdogo, katika toleo la 2014 ana uhai 7 tu, yaani pointi zinazopungua kila akipigwa, lakini pigo lake ni dadu ya pande sita kujumlisha 2, yaani linafika 8. Mchawi mchanga ana uhai 6, au 8 akijaliwa mwili imara. Akipigwa vibaya mara moja yuko chini kabla zamu yake haijafika, na mchezaji anayemwigiza anabaki kuchezea simu. Goblini wanne kwa wachezaji wanne, hata hesabu ya kitabu chenyewe inaliita pambano la kuua. Weka wawili. Wa tatu achelewe, na akikuta wenzake wamelala chini, atimue mbio.

Dadu ya pande ishirini ikiwa imepotea, kata vikaratasi 20, viandike namba, tia kwenye mfuko. Kila kinachochomolewa kirudishwe na mfuko utikiswe. Msiporudisha, ile 20 ikishatoka haitoki tena, na wajanja wataanza kuhesabu zilizobaki.

Kingine kinachoua mchezo ni kusubiri wote wapatikane. Chagueni siku moja kila wiki mbili. Akikosa mmoja, chezeni. Mhusika wake kabaki kambini analinda punda. Wakikosa wawili, kutaneni hivyohivyo, hata kwa karata.

Wahusika wakishaandikwa, piga picha zile karatasi unitumie, nianze na uhai wa mchawi.

Wako,
Juma