Kiyoyozi kikidondosha maji, tusikimbilie kujaza gesi

Ndugu Mhariri,

Kila mvua zinaposhika Mwanza, malalamiko ni yaleyale, kuanzia Nyegezi hadi Pasiansi: kiyoyozi kinadondosha maji kitandani, ukuta umeota ukungu, chumba ni baridi lakini shuka zina unyevu. Jibu wanalopewa wateja wengi nalo ni moja: gesi imepungua, lipa ijazwe. Mara nyingi jibu hilo si sahihi, na linawatoa watu fedha bure.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa kwenye jiko. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue kuna tundu, na kujaza bila kuziba tundu ni kutia maji kwenye pakacha.

Maji yale yanatoka hewani. Hewa ya nyuzi joto 28 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 22 hivi, na koili ya mashine ya ndani, yaani mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi baridi hupita, huwa baridi zaidi ya hapo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kukusanya hata lita moja kwa saa. Kutoa maji, basi, ndiyo kazi yake. Shida ni pale yanapokosa njia.

Anzeni na paipu ya kutolea maji. Zima swichi kuu, fungua kava, mimina nusu lita ya maji polepole kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha mtu akaangalie nje. Yasipotoka, paipu imeziba kwa utelezi, vumbi, au udongo wa nyigu wanaojenga kwenye mdomo wake. Uvute uchafu kutoka nje kwa mashine ya kufyonza inayohimili maji. Kupuliza upepo mkali kuelekea ndani ni hatari, maana kiungo kilicho nyuma ya mashine hufyatuka na ukuta ukalowa kimyakimya. Baada ya hapo mimina kikombe kimoja cha siki, subiri dakika 30, suuza kwa lita moja ya maji. Msichanganye siki na jiki kamwe: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Paipu ikiwa safi na maji bado yanarudi, weka pima maji, kile kifaa cha mwashi cha kupimia usawa, juu ya mashine. Isilalie upande ulio mbali na tundu la kutolea. Paipu nayo iteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita, isiwe na tumbo katikati, wala mdomo wake usizame ndani ya ndoo.

Barafu kwenye koili ni jambo jingine. Weka feni peke yake kwa saa mbili au tatu iyeyuke, osha filta, iache ikauke, ndipo uwashe. Filta chafu inatosha kabisa kugandisha koili, kwa sababu hewa ya kuipasha haipiti. Barafu ikirudi wakati filta na koili ni safi na feni inazunguka vizuri, hapo ndipo tuzungumze habari ya gesi.

Na hapa tunawasihi mafundi wenzetu. Tundu litafutwe kwa gesi ya naitrojeni na povu la sabuni, lizibwe, kisha mfumo uvutwe kwa pampu ya vakamu, inayonyonya hewa yote, hadi geji ionyeshe chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) na ibaki hapo pampu ikishazimwa. Anayetoa hewa kwa kupuliza gesi kidogo tu anaacha unyevu ndani. Unyevu huo huganda kwenye njia nyembamba, na ukichanganyika na mafuta ya mashine hutengeneza asidi inayokula kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Mifumo inayotumia gesi za R-410A na R-32 haivumilii hili, kwa kuwa mafuta yake hunywa unyevu upesi. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Kukisia kwa kushika bomba hakufai.

Kuhusu shuka zenye unyevu, aghalabu kosa ni ukubwa. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na BTU 9,000. Ukifunga 18,000, chumba kinapoa dakika chache, mashine inapumzika kabla haijakausha hewa. Tumia alama ya tone kwenye rimoti, ya kukausha hewa, punguza kasi ya feni, na funga madirisha upepo wa ziwani unapovuma mchana.

Mabomba yote mawili ya shaba yavikwe sponji, kila moja peke yake, hata ndani ya ukuta. Wengi huvika lile nene tu, ilhali kwenye viyoyozi vingi vya nyumbani jembamba nalo hutoa jasho.

Mwisho, kwa nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya mawe, kama Igogo na Mabatini: ukuta unaweza kulowa kwa maji ya mlimani na kiyoyozi kisiwe na hatia. Bandika nailoni ya sentimita 30 kwa 30 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni umande. Yakiwa nyuma ya nailoni, mwite mwashi, na fedha ya gesi ibaki mfukoni.

Mafundi viyoyozi,
Nyegezi, Mwanza