Barua kwa mdogo wangu uliyehamia Msomera

Mdogo wangu, sopa. Yeyo, mama yetu, ni mzima, anakusalimu wewe na watoto.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe ulisema hadharani. Ile video yako, umesimama mbele ya nyumba ya bati kule Msomera, wilayani Handeni, ambako Serikali imekuwa ikituhamishia sisi Wamaasai wa Ngorongoro, ukimwambia mwandishi kwamba Ngorongoro hakuna maisha na kwamba tuliobaki tunadanganywa na wanaharakati, imefika kwenye simu ya kila mtu huku. Kuhama kwako silaumu. Mwenye watoto ndiye ajuaye wamelalaje. Lakini maneno yale sasa yanatajwa kwenye vikao kama ushahidi dhidi yetu, na nisipokujibu mimi dada yako, atakujibu nani?

Mbona hukumwambia mwandishi kilichokuondoa? Mwanao alipougua, zahanati haikuwa na dawa. Ndege ya madaktari iliyokuwa ikitua vijijini kwetu tangu sisi wadogo ilizuiwa kuruka mwaka 2022. Mwaka huohuo ikatoka barua ya kuagiza fedha za UVIKO-19 zilizotengewa shule zetu zihamishiwe Handeni. Hata choo cha shule kikititia, kibali cha kukijenga upya ni cha kuomba mpaka uchoke. Ulimbeba mtoto kwa pikipiki usiku hadi Karatu, na uliporudi ulikuwa umeshaamua. Nilikuona usoni. Uliwekwa uchague kati ya dawa na kwenu, jambo ambalo hakuna baba anayepaswa kuwekewa, kisha ukaandikwa kwenye orodha ya waliohama kwa hiari yao.

Na wewe unajua tulikotoka, maana babu alitusimulia sote pamoja. Alizaliwa Moru, ndani ya Serengeti. Ile michoro ya ngao kwenye miamba ya Moru, ambayo leo watalii hupelekwa kuipiga picha, ni kazi ya morani wa kwetu. Aprili 1958 wazee 12 walitia sahihi mkataba wa kuiacha Serengeti, na wazazi wa babu wakaswaga mifugo kuja nyanda za huku. Walichoahidiwa ni kwamba huku watakaa. Sheria ya 1959 ikaitenga Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, iwe mahali ambapo mfugaji na mnyamapori wanaishi pamoja. Kwa hiyo tukiambiwa leo kwamba tuhame mara moja tu na mambo yataisha, sisi tunahesabu kwamba mara moja hiyo tulishaitoa.

Tumetoa na zaidi. Mwaka 1974 maboma yaliyokuwa chini ndani ya kreta yaliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, 1992 kikaruhusiwa, 2009 kikapigwa marufuku tena. Unakikumbuka kishamba cha yeyo nyuma ya boma, mistari michache ya mahindi na maharage iliyotuvusha kiangazi ng'ombe walipokauka maziwa. Baadaye ng'ombe nao wakazuiwa kushuka kreta kulamba chumvi. Kila kilipoondolewa kimoja tuliambiwa ni kwa ajili ya wanyama, tukaitikia.

Kuhusu hao wanyama nataka tusemezane vizuri, kwa sababu ulipoulizwa ulinyamaza, na wewe ndiye uliyechunga kuliko sisi wote. Nani alikufundisha kwamba nyumbu wakianza kuzaa kule Ndutu, Januari hadi Machi, ng'ombe hawakanyagi zile nyanda? Baba. Ugonjwa wa nyumbu unaua ng'ombe, basi majani mazuri kuliko yote ya mwaka mzima tunawaachia nyumbu, sisi tunapanda juu kwenye ukungu na baridi. Wao wakishaondoka, mvua ikaosha nyasi, ndipo tunashuka. Hakuna askari aliyetupangia ratiba hiyo. UNESCO ilipoiandika Ngorongoro kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, ilikuta wanyama wapo na sisi tupo. Wanasema mwaka 1959 tulikuwa kama 8,000 na sasa tumepita laki moja, ardhi imeelemewa. Ni kweli tumezaana, na tuko tayari kukaa mezani kuzungumzia idadi ya mifugo, tumelisema hilo mara nyingi. Lakini hesabu ikianza, ihesabu pia hoteli zilizopangwa ukingoni mwa kreta na magari yanayoshuka mle kila asubuhi. Mbona inahesabu watoto wetu tu?

Hukuwepo Agosti 2024, kwa hiyo nikueleze, kwa sababu picha ulizoziona hazisemi yote. Tangazo la Serikali lilitoka likifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Kijiji ulichozaliwa hakikuwepo tena kwenye karatasi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mlangoni, na watu waliokwenda kuangalia daftari la wapigakura walikuta wameandikiwa kituo Msomera, mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Tarehe 18 tukatoka, maelfu, kwenye barabara kuu inayopita hifadhini kwenda Serengeti.

Wazee walituonya kwanza. Walitukumbusha Loliondo ya Juni 2022, vigingi vilipochimbiwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho: askari mmoja aliuawa, ndugu zetu wengi walijeruhiwa kwa risasi, wengine wakavuka Kenya kutafuta matibabu. Basi wakasema sime zibaki nyumbani. Sisi wanawake tukakaa mbele, tumeshika nyasi mkononi, ishara yetu ya amani. Yeyo, na magoti yake yale, alikaa chini na wenzake juani, wanaimba, wanasali, magari ya watalii yamesimama foleni. Kijana mmoja alipoinama kuokota jiwe, mama yake alimshika mkono akamketisha. Tulirudi tena kesho yake, na keshokutwa. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha lile tangazo kwa muda. Siku iliyofuata Waziri Lukuvi akaja na ujumbe wa Rais kwamba huduma zirudi na uchaguzi utafanyika. Desemba 1 Rais Samia mwenyewe akakutana na malaigwanani, viongozi wetu wa jadi, Arusha, akasema zitaundwa tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya zoezi lenyewe la kuhama.

Huo ndio udanganyifu wa wanaharakati uliousema. Ni mama yako, na nyasi mkononi.

Sasa nikuulize ya nyumbani kwako. Hiyo nyumba ina vyumba vitatu, una ekari mbili na nusu za kiwanja na ekari tano za shamba, na hati imeandikwa jina lako. Sawa. Wake zako ni wawili. Kwetu kila mke hujenga nyumba yake kwa mikono yake, na ikishasimama ni yake, hata mume huingia kwa heshima. Mke mdogo hakuhesabiwa, akarudi kwetu na watoto watatu, yuko hapa anakamua ng'ombe za yeyo. Wakati unaonyesha vyumba vyako kwenye kamera, yeye alikuwa anaangalia simu akiwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Mimi ndiye nasema.

Na lile shamba. Uliniambia mwenyewe kwa simu kwamba kuna mzee anayepita pale kila mara na mbuzi wake, anasimama, anaangalia, anakwenda zake. Alikuwa akichungia hapo kabla yako. Mfugaji kama baba. Wewe ulitolewa kwenu ukawekwa kwake, naye hakuna aliyemwita kumuuliza. Nenda kamsalimie, mdogo wangu. Kaa naye, mtajuana yanayowauma.

Sikuombi urudi. Kama mtoto anatibiwa na shule iko karibu, nashukuru, na nataka hivyohivyo viwepo huku, bila mtu kulazimika kuhama ili avipate. Ninachokuomba ni hiki: akija tena mwandishi, au mtu wa tume, mwambie ulivyoondoka. Mwambie habari za zahanati na pikipiki ya usiku, na kwamba mkeo mmoja yuko kwa mama yako. Mwambie ulihama kwa ajili yako na nyumba yako, si kwa niaba ya mtu mwingine. Ukishasema hayo, sifia bati lako upendavyo, hakuna atakayekuchukia.

Kikao cha ukoo kitakaa shule zikifungwa. Wazee wameniagiza nikuambie nafasi yako ipo, na kwamba wanataka kukusikia kwa mdomo wako, si kwa video. Mke wako mdogo naye ataongea siku hiyo, nimeshamwombea ruhusa. Nauli ukikosa, sema, tutauza mbuzi.

Dada yako