Lenzi ni ya shilingi 16,000, mbona kutengeneza ni 5,500?

Hili swali limeulizwa hapa kwa kaunta yangu ya kutengeneza lenzi za kamera mpaka kijana wangu wa kazi amelikariri, mtu akiingia na kalenzi kadogo mkononi yeye ndiye anaanza kujibu kabla sijainua kichwa. Sasa wiki jana kuna dada mmoja alitoka hapa na hasira, akaenda akatuandika mtandaoni ati sisi ni wezi, tulimtoza 1,000 ya "kuangalia tu" halafu tukamwambia lenzi yake haitengenezeki. Dada, kama unasoma hii sijaja kugombana. Lakini wacha nieleze ile 1,000 ilienda wapi, juu wewe si wa kwanza kulalamika.

Kwanza mjue benchi langu limebadilika. Zamani hapa zilikuwa zinakuja zile lenzi kubwa za DSLR (kamera zenye kioo cha kurusha picha ndani), nzito kama jiwe la kusagia, nyingi zimetoka Mombasa zikiwa na fangasi ndani imetanda kama utando wa buibui. Siku hizi watu wa ruracio (sherehe ya mahari) na arusi na vijana wa kontenti wamehamia mirrorless (kamera zisizo na hicho kioo), na kwa sababu lenzi ya kampuni iliyotengeneza kamera inaweza kupita bei ya kamera yenyewe, wanachukua hizi za kampuni zingine, Sigma, Tamron, Viltrox, TTArtisan, Samyang. Na ni poa, sitakudanganya, mimi mwenyewe ninayo moja. Ile Viltrox ya 28mm f/4.5 iliyotoka 2024 kwa dola 99 ina gramu 60, nyembamba hivi unaweza kudhani ni kifuniko cha kamera, apacha yake (lile tundu la kupitisha mwanga) haifunguki wala haifungi, ni 4.5 asubuhi mpaka jioni. Wenyewe wanaziita pankeki, sisi hapa ni chapati. Ukifunga chapati kwa kamera ndogo unaiweka kwa mfuko wa jaketi unatembea Tom Mboya na hakuna mtu anageuza shingo kukuangalia, na kwa hii Nairobi yetu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kununua.

Shida inaanza ikianguka.

Hizi lenzi ni ndogo na bei yake ni nafuu kwa sababu hazikutengenezwa zifunguliwe. Vioo vingine vimegundishwa moja kwa moja kwa plastiki, mota ya fokasi imekaa pamoja na kioo inachosukuma, na ile fleksi inayopeleka umeme kutoka kwa pini za nyuma hadi kwa mota ni nyembamba kama karatasi ya pipi, imekunjwa mara mbili mara tatu ipite mahali hata kucha haipiti. Halafu spea hakuna. Lenzi kubwa za zamani fundi alikuwa anaweza kuagiza mota, anaagiza ringi, inakuja. Kwa nyingi za hizi ndogo hakuna duka nimeshapata la kuniuzia fleksi peke yake, kwa hivyo spea yangu ni lenzi nyingine iliyokufa. Nina debe la biskuti limejaa mizoga.

Kwa hivyo ukiniuliza mbona theluthi ya bei ya lenzi, mimi sihesabu bei ya lenzi. Nahesabu masaa. Lenzi ya 16,000 na lenzi ya 90,000 zikikuja zote zimeanguka upande mmoja, ile ndogo ndiyo inanimaliza. Vidole vyangu ni vya mtu mzima.

Sasa ile 1,000. Ukiniachia lenzi sikai nayo nikiitingisha kwa sikio. Nina Taifa Leo nimebandika ukutani kurasa nne, zimenyooka, na katikati kuna kioo kidogo cha kujitazamia kimelala bapa kwa ukuta. Nafunga lenzi yako kwa kamera, kamera kwa stendi, naangalia kwa skrini mpaka nione lenzi imejitazama yenyewe katikati ya kile kioo, hapo ndio najua kamera na ukuta viko sawa kabisa. Kisha natoa kioo, nafungua apacha yote, napiga. Nageuza kamera juu chini, napiga tena. Naenda kwa kompyuta nazumu pembe zote nne nisome maandishi madogo ya gazeti. Kama pembe ya juu kushoto haisomeki na zile zingine tatu zinasomeka, na nikigeuza kamera ule ukungu bado uko kwa pembe ileile ya picha, basi si ukuta, kuna kioo kimelala upande ndani. Hapo bado sijagusa bisibisi na nusu saa imeisha. Baada ya hapo naangalia pini, naangalia maunti kama imepinda (maunti jamani, ile ringi inayoshika lenzi kwa kamera, si mauti, ingawa wengine mkiona bili mnaonanga ni kitu kimoja), nasikiliza mota. Ukikubali kazi iendelee ile 1,000 inatolewa kwa bili. Ukikataa inabaki kwangu, na iko imeandikwa ukutani hapo nyuma yangu kwa herufi kubwa nyekundu.

Na kuna siku nyingi sichukui hata hiyo. Kuna kijana alitoka Kitengela na matatu mbili kwa jam, amenunua lenzi ya manuali, ile ya kuzungusha kwa mkono, ati kamera imekataa kupiga inasema hakuna lenzi. Nikaingia kwa menyu ya Sony yake, nikawasha ile ruhusa ya kupiga bila lenzi, juu lenzi kama hiyo haina pini ya kuongea na kamera, kwa kamera ni kama hakuna kitu mbele. Sekunde kumi. Akatoa mia tano nikamrudishia anunue chai. Kuna mzee naye alikuja kutoka Nakuru anataka vumbi litolewe ndani ya lenzi, nikaangalia na tochi, ni chembe tatu. Nikamwambia mzee, hizo hazitaonekana kwa picha hata ukipiga ukuta mweupe, na nikifungua hii lenzi kwa sababu ya chembe tatu naweza kuingiza zingine tano. Alienda akidhani sijui kazi.

Mwingine alikuja ati pembe za picha ni nyeusi na nyumba zimejikunja kama ndizi. Hiyo pia si ugonjwa. Nyingi za hizi ndogo zimeachia kamera na programu kazi ya kunyoosha picha, ndio vioo viwe vichache na lenzi iwe fupi. Washa marekebisho ya lenzi kwa menyu, na kwa programu ya kuhariri chagua profaili yake. Bure.

Tuje kwa kitu kinachoniuma. Lenzi ya huyu dada ilianguka kutoka kwa stuli kwa ruracio huko Limuru, haikupasuka, ilikuwa tu fokasi imekwama. Ingekuja hapa siku ile, pengine ni kazi ya saa mbili. Lakini kuna mtu alimwambia fundi wa simu anaweza, kwani si ni kifaa tu na skrubu ni skrubu, akapeleka huko, akalipa 1,500, na huyo jamaa akafungua. Sina ubaya na mafundi wa simu, wangu wa skrini yuko chini hapa kwa hili jengo na ni hodari kuliko mimi kwa simu. Lakini skrubu za lenzi za Kijapani si zile msalaba za kawaida, zinafanana ukiangalia kwa macho lakini shimo lake ni la umbo lingine, ukitumia bisibisi ya simu inateleza inakula kichwa, na skrubu ikishaliwa kichwa hiyo ni kudrili. Lenzi za Kichina nazo nyingi ni msalaba wa kawaida kabisa, kwa hivyo lazima ujue iliyo mkononi ni gani.

Na tena kuna washa, vile vibati vya kusawazisha lenzi. Chini ya maunti, ukiitoa polepole, utapata vijiwasha vyembamba sana, vingine ni sehemu ya kumi ya milimita, vimelala mahali pawili au patatu. Ukivipuliza vinaruka. Mtu asiyejua anaona ni takataka, anafuta na kitambaa. Hivyo vijiwasha kiwandani vilipimwa kwa hiyo lenzi yako peke yake, ndivyo vinafanya isimame wima mbele ya sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha. Watu wananiambia ah fundi, mirrorless si inafokasi kwa sensa yenyewe, itajirekebisha. Ni kweli itafokasi, kile kidoa cha katikati kitakuwa kikali. Lakini washa moja ikikosekana upande mmoja lenzi imeinama, basi bibi arusi yuko sawa na msimamizi wake wa pembeni ana uso kama ameumwa na nyuki. Mimi nikifungua, kila washa naichora na penseli ilikuwa wapi, naiweka kwa kifuniko cha chupa chenye namba, na simu inarekodi video kutoka juu muda wote. Ringi ya mbele ikiwa imegundishwa naipasha na drai ya nywele ya mama watoto (anajua, tulishaelewana) mpaka gundi ilegee, sichokoi na kisu.

Lenzi ya dada ilifika hapa kwa mfuko wa plastiki, washa hakuna hata moja, fleksi imekatika kwa mkunjo, skrubu moja ni ya simu. Ndio nikasema haitengenezeki. Nilisema polepole lakini najua ilisikika vibaya.

Gundi sasa. Mwaka jana kijana mmoja wa kupiga video za kanisa, ringi yake ya mbele ilikuwa inacheza, akaamua asisumbue mtu akaweka supagluu. Ringi ilishika vizuri sana. Asubuhi akakuta lenzi ndani imekuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyeiva, kwa sababu mvuke wa supagluu ukifungiwa mahali padogo unaganda kwa kioo. Sikuweza hata kufungua nisafishe, si ringi alishaigundisha. Alitaka kuokoa 800. Nilimwonyesha kwa tochi tukanyamaza wote wawili.

Na hizi apdeti. Lenzi za siku hizi zina programu ndani, na ukibadilisha kamera au kamera ikiapdeti kuna wakati lenzi inaanza kusitasita, fokasi inaenda inarudi. Zingine kama Viltrox nyingi na Tamron za kizazi cha pili zina kitundu cha USB-C kwa lenzi yenyewe, TTArtisan wameweka kwa kile kifuniko cha nyuma, ndio maana nawaambia msitupe hicho kifuniko, si cha vumbi tu! Sigma ya Sony unaapdeti kupitia kamera. Ni kazi ya kufanya nyumbani, mimi hata sitaki pesa yako, lakini tumia kebo inayopitisha data, si ile ya chaja peke yake, betri ya kamera iwe imejaa, na usichomoe. Kuna jamaa stima ilipotea akichomoa achomeke kwa pawabenki, lenzi ikafa katikati, kamera haiitambui tena. Hiyo niliifufua, ilichukua jioni mbili, nikamtoza 3,000 na bado alinung'unika.

Bei zangu basi. Kuangalia 1,000. Kufungua, kunyoosha kioo na kurudisha 5,500, lenzi ya zumu inaongezeka. Nikishindwa, silipishi zaidi ya ile 1,000, na nakurudishia lenzi yako ikiwa na kila skrubu. Kuna wanaofanya kwa 2,000, ni sawa, waulize tu kama wana gazeti ukutani.

Kama lenzi yako imekufa kabisa usiitupe na usimpe mtoto achezee, nanunua, hata kioo kikiwa kimevunjika, kitu nataka ni maunti nzima na fleksi.

Ndio nirudi kwa dada. Lenzi yako uliiacha kwa kaunta siku ile, iko kwa bahasha ya kaki na jina lako juu, hakuna mtu ameigusa. Ijumaa kuna mtu ameniuzia mzoga wa lenzi kama hiyo hiyo, kioo cha mbele kimepasuka vipande lakini fleksi ni nzima na washa zote tatu ziko. Haimaanishi zitatosha yako moja kwa moja, zilipimwa kwa lenzi nyingine, nitabidi nijaribu kwa Taifa Leo mara kadhaa. Lakini sasa kuna mahali pa kuanzia, na ile 1,000 yako bado inahesabika. Tunafungua saa tatu, Jumapili hapana.