Shukrani kwa mzee wa Luthuli Avenue

Mzee uliyekuwa mbele yangu kwenye duka la vifaa vya stima, jina sikukuuliza, lakini ahsante sana. Ulinisikia nikiagiza waya za nyumba ya mbao tupu, kuta nzima zisizo na uwazi ndani, ukanigeukia. Ukasema mihimili ya ukuta itobolewe kabla haijapandishwa mmoja juu ya mwingine, tundu la juu lioane na la chini, paipu ya waya ipite humo. Tena waya iachiwe ulegevu, kwani mbao ikikauka hunywea na ukuta hushuka. Iliyokazwa itavutika kwenye soketi, na hapo (ulikunja uso) ndipo moto huanzia. Fundi wangu alinuna kidogo, kisha akatoboa. Mzee wangu, taa zinawaka. Ukipita Ngong Road, chai ipo.