Binti anasomeshwa, lakini kibanja bado hakimhusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo katika hotuba za mwezi Machi, Siku ya Wanawake inapoadhimishwa, hugusiwa juu juu kisha likaachwa. Kila mwaka tunaambiwa kwamba jamii imebadilika na mtoto wa kike sasa anathaminiwa sawa na wa kiume, na ushahidi unaotolewa huwa ni ule ule: madarasa yamejaa wasichana, nchi imepata Rais mwanamke tangu mwaka 2021, na msichana aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba mwaka huo huo. Hayo yote ni kweli na sina nia ya kuyabeza. Ninachotaka kusema ni kwamba huku kwetu Kagera, hasa sisi Wahaya, tumebadili mawazo kuhusu kile binti anachoweza kuiletea familia, ila kuhusu kile ambacho familia inapaswa kumpa yeye tumebaki karibu pale pale walipotuacha babu zetu. Na malezi ya binti yanafuata hesabu hiyo hata akiwa amevaa sare za shule.

Kwa msomaji asiyeijua Kagera, kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Ndani yake mna makaburi ya wazee, na ndiyo maana kukiuza kwa mtu wa nje ya ukoo huonekana kama kuwauza marehemu. Basi anayekifahamu kibanja kwa mikono yake kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani ni mtoto wa kike. Tangu akiwa darasa la pili au la tatu hutumwa na mama yake kukata nyasi rweya, yaani kule mbugani nje ya mashamba, akajitwika mzigo na kuja kuzitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke. Hubeba samadi kutoka zizini, hupanda maharage katikati ya migomba, huyapalilia, huyavuna. Kaka yake naye ana kazi zake, siwezi kusema hana, lakini kuna somo moja ambalo kaka hupewa peke yake: siku moja baba humchukua wakazunguka kibanja chote, akamwonyesha kila mti wa mpaka, akamweleza babu alipakana na nani na kipande kipi kiliwahi kuwekwa rehani. Binti, ambaye kila asubuhi anapita kwenye miti hiyo hiyo na mzigo kichwani, hafundishwi, kwa kuwa inaaminika hana haja ya kujua. Yeye ni wa kuolewa.

Fedha za kahawa ni za baba. Mama hujitafutia kishamba chake cha njugu mawe huko rweya, ambako udongo ni hafifu, na mavuno ya huko ndiyo anayoweza kuyaita yake.

Ukitaka kuona hesabu hii ikipigwa hadharani, hudhuria kikao cha ukoo baada ya matanga. Nimekaa katika vikao hivyo mara nyingi nikiwa mzee wa ukoo. Wanaume huwa uani kwenye mabenchi, wanawake ndani juu ya nyasi zilizotandikwa. Mwenyekiti huuliza marehemu ameacha watoto wangapi, na si mara moja nimesikia jibu likitajwa la wavulana tu, huku mabinti wakisikia kutoka dirishani. Na katika kikao kimojawapo, mmoja wa mabinti hao ndiye aliyelipia jeneza, akalipia hospitali, na ndiye aliyeezeka bati la nyumba iliyokuwa ikigawiwa. Hakuna aliyemtukana. Alishukuriwa kwa maneno mazuri sana, kisha kikao kikaendelea na ajenda yake.

Wapo watakaosema haya ni mazoea tu ya wazee na yatakufa pamoja nasi. Laiti ingekuwa hivyo. Mazoea haya yameandikwa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 436, linawapanga warithi kwa daraja: kijana wa kwanza wa nyumba kubwa, kisha wavulana wengine, kisha mabinti katika daraja la tatu. Linasema pia kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo aliyoirithi lakini hawezi kuiuza, isipokuwa pale ambapo katika ukoo huo hakuna mwanamume.

Kifungu hicho cha kuuza kilipingwa na mwanamke wa huku kwetu Muleba, na ninasikitika kwamba shuleni tunawafundisha watoto majina ya wafalme wa Ulaya bila kuwatajia jina lake. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mpwa wake, akaenda mahakamani kutaka uuzaji huo ubatilishwe kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Mahakama ya Wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ukoo haukunyang'anywa haki yake: mwanaukoo anayeitaka ardhi iliyouzwa anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei yake, kama inavyofanyika mwanamume anapouza. Hofu kwamba binti "ataliingiza shamba kwenye ukoo mwingine" ilijibiwa siku ile, na bado naisikia katika kila kikao, mara nyingine ikitolewa na kaka ambaye amekwisha uza nusu ya kibanja chake kwa mgeni ili anunue pikipiki.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu husemwa kwa upole: kwamba binti ataikuta ardhi kwa mumewe. Tumfuate basi huko kwa mumewe. Tamko lile lile la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kwa hiyo kwa baba anaambiwa chake kiko kwa mume, na kwa mume anaambiwa yeye si wa ukoo. Cha ajabu ni kwamba mwanamke aliyepewa talaka ana nafuu kuliko aliyefiwa, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa katika ndoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Mjane anayeshikwa na sheria ya mila hana mlango kama huo. Wajane wawili kutoka Shinyanga walihangaika katika mahakama zetu wakashindwa, wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao.

Sisi wa Kagera tulikuwa na sababu ya kujifunza mapema. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tulizika vijana wa kiume wengi, hao hao walioonyeshwa mipaka. Waliobaki kuwauguza wazee na kulea yatima mara nyingi walikuwa mabinti na wajane, na wengi wao walifanya hivyo juu ya ardhi ambayo shemeji au baba mdogo angeweza kuja kuidai siku yoyote. Baadhi ya familia ziliamka wakati ule, baba akaandika wosia na kumtaja binti bila kumficha mtu. Lakini zilikuwa familia moja moja, kila moja kwa dhamiri yake.

Sitaki kuwalaumu wazazi wa leo kuliko wanavyostahili. Baba anayeuza kahawa ili binti amalize kidato cha sita anampenda mwanawe. Hata hivyo, binti huyo akiulizwa anasomea nini, atajibu kwamba anataka kuwajengea wazazi. Kaka yake atajibu kwamba anataka kujenga. Tumewalea hivyo sisi wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha batilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba linapaswa kuwa na wanawake watatu. Kila baba anaweza kuandika wosia mbele ya mashahidi na kugawa kibanja akiwa bado hai. Ila wosia wa mtu mmoja mmoja hautoshi maadamu Tamko la 1963 lingali likisomwa mahakamani pale ambapo wosia haupo, na vijijini wengi wetu hufa bila wosia. Tamko hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilitolewa na waziri, na sheria inaziruhusu halmashauri za wilaya kumpelekea waziri mapendekezo ya kurekebisha mila zilizoandikwa. Nawaomba madiwani wa Muleba, Bukoba, Missenyi na Karagwe waliweke jambo hili kwenye ajenda ya vikao vyao mwaka huu, wakianza na daraja za warithi na fungu la mjane, na mapendekezo watakayoafikiana wayabandike katika ofisi za kata ili wanawake wayasome kabla hayajapelekwa kwa waziri.

Mwalimu mstaafu,
Muleba, Kagera